Laini ya Baba

Ilikuwa Jumamosi, saa nane na dakika ishirini mchana. Naitaja saa kwa sababu niliiona kwenye kona ya kompyuta, na kwa sababu nikisema tu "siku moja" utadhani natunga. Situngi. Mimi ni mtu wa aibu, hata darasani nikijua jibu sinyooshi mkono. Ningefurahi sana kama haya yangempata mwingine, akasimulia yeye.

Kaka yangu Deo alinunua kompyuta iliyokwisha kutumika, akaifunga kwenye chumba cha uani, hapo kwetu Kilosa karibu na reli. Kuta alizipigilia magunia ya katani na magodoro makuukuu ili sauti isirudi. Tulikuwa tunarekodi kati ya treni na treni. Na kwa kuwa watoto wa jirani hawakuacha kuusukuma mlango, Deo aliweka utaratibu wake: anayerekodi anafungiwa kwa kufuli, kwa nje.

"Leo unaongeza magitaa mawili juu ya la Baba, halafu uyachanganye vizuri," aliniambia. "Ukimfunika Baba nakuacha humo mpaka Jumatatu."

"Na nikitaka kwenda chooni?"

"Ungeliwaza hilo kabla ya vikombe vitatu vya uji, bibie."

Akacheka, kufuli likalia, akapanda baiskeli kwenda Chanzuru kufuata mkaa.

Hilo la Baba nikueleze. Baba alikuwa akipiga gitaa kavu Mikumi, kwenye baa za madereva wa malori. Alipofariki alituachia kanda moja, gitaa tupu, hata neno moja hamna. Deo aliiingiza kwenye kompyuta, na wiki hiyohiyo redio ikaitafuna ile kanda. Kwa hiyo Baba alibaki sehemu moja tu duniani, kwenye ile programu. Humo kila gitaa lina laini yake kwenye skrini, zimelala moja chini ya nyingine kama matuta ya viazi. Ya Baba ilikuwa ya kwanza.

Nikavaa hedifoni, nikapiga gitaa la pili, nikapiga la tatu. Nikawa nasikiliza yote kwa pamoja, hili nalipunguza, lile nalisogeza kushoto, ndipo nikalisikia la nne.

Niamini, yalikuwa matatu. Niliyahesabu kwa kidole kwenye kioo. Nikazima laini ya tatu: bado lipo. Nikazima ya pili: bado lipo, linapiga polepole nyuma ya Baba, kama mtu anayemfuata njiani na kukanyaga palepale anapokanyaga yeye. Halafu mtu akakohoa. Kikohozi cha mtu mzima, karibu kabisa na sikio langu la kushoto.

Ungefanya nini? Mimi nimelelewa. Mtu mzima akikohoa nyuma yako unaamkia kwanza, kugeuka baadaye. Tena moyo wangu ulishaamua ni nani.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu," sauti ikajibu ndani ya hedifoni. "Ongeza lingine."

Nikaongeza, na nilikuwa nalia kwa furaha, sikufichi. "Ongeza lingine." Nikaongeza. Laini ya nne, ya tano, ya sita. Vidole vikaanza kuchubuka. Nilitaka kuacha, lakini nani anamwondokea mzazi kabla hajaruhusiwa? Adabu yenyewe ilinifunga pale kwenye kigoda kuliko lile kufuli. Nilipomaliza ya saba ndipo nikaiona laini ya Baba. Mawimbi yake, yaliyokuwa manene kuliko yangu, yalikuwa yamekonda kama unywele. Kila nilipoongeza gitaa, Baba alipungua.

Na hapo nikakumbuka kitu. Mimi nina jina la mama yake Baba. Tangu nizaliwe hakuwahi kuniita mwanangu, hata akiwa amekasirika. Nikimwamkia alikuwa anajibu, "Marahaba, mama."

Nikatupa hedifoni mezani, nikaukimbilia mlango. Nikapiga ngumi, nikamwita Deo, nikamwita Mama, nikawaita hata wale watoto wa jirani tunaowafukuza kila siku. Magunia yalimeza yote. Nyuma yangu, kutoka mezani, ile sauti iliendelea safi kabisa, kana kwamba bado nimevaa hedifoni.

"Unakwenda wapi?"

"Naomba ruhusa nitoke."

"Akuruhusu nani? Si umeniita baba?"

"Wewe si baba yangu." Sijawahi kumjibu mtu mzima hivyo. "Baba ananiita mama."

Na mimi kwa ujinga wangu nikadhani nimemshinda. Kisha ikaja sauti nyingine, nzito, yenye ule mkwaruzo wa sigara ambao nilishausahau. Sauti ya Baba mwenyewe.

"Haya, mama. Ongeza lingine."

Unaelewa nilichofanya? Nilimpa kwa mkono wangu kile alichokuwa amekikosa. Nikaizima laini ya Baba, ikajiwasha. Nikaizima tena, ikajiwasha, na imekonda zaidi. Nikajua nisipofanya kitu atammaliza Baba, halafu atabaki na sauti yake, na mimi nitakuwa naye humo nikimwongezea magitaa. Kuzima hakukubali. Kilichobaki ni kufuta. Kompyuta ikaniuliza kama nina uhakika. Nikasema, "Nisamehe, Baba," nikabonyeza, na ile sauti ikakatika.

Deo alifungua saa kumi na moja. Akaangalia skrini.

"Baba yuko wapi?"

"Nimemfuta."

Hakunipiga, na afadhali angenipiga. Alikaa akayasikiliza yale magitaa yangu sita, yanapiga kama watu sita wanaomsubiri mtu aanze kuongea. Alikaa miezi bila kunisemesha zaidi ya "pisha" na "chakula tayari". Kompyuta aliiuza kwa mwenye duka la kanda Mikumi. Nimemwandikia huyo bwana barua mbili za kumwonya, hajajibu.

Nawe unayesoma, adabu ni nzuri, usiiache. Lakini ukisikia mtu mzima anakohoa mahali ambapo hapana mtu, ibane shikamoo yako mdomoni mpaka uone uso. Na usithubutu kumwambia usiyemwona jina ambalo watu wako wanakuitia.

Asubuhi iliyofuata baada ya kumfuta Baba, Jumapili, Mama alikwenda misa ya kwanza nikabaki nyumbani. Nilichukua daftari la hesabu, nikakaa kizingitini, nikaanza kuandika wimbo wa Baba wote kama vidole vyangu vilivyoukumbuka: uzi gani, kidole gani, wapi anasubiri kidogo. Niliandika kurasa mbili bila kuinua kichwa. Wa tatu nikaandika mistari minne, nikakwama; vidole havikukumbuka kinachofuata. Nikarudia mwanzo nikiuimba kwa mdomo, nikafika palepale. Mama aliporudi kanisani alinikuta bado nimeshika kalamu.