Jumapili Moja ya Kaka

“Hapo kwenye fomu, penye kazi, umeniandikia ‘hana’. Miaka kumi na moja nimembeba baba kitandani hadi chooni, nimemlisha, nimemgeuza asipate vidonda. Hiyo ilikuwa nini, mwanangu, mchezo?”

Karani wa ofisi ya ustawi wa jamii hakumwinulia shoga yangu kichwa. “Mama, posho ya mlezi ilitoka kwa jina la kaka yako. Kwetu sisi mlezi ni yeye, na miaka inayohesabiwa kwa pensheni ni yake.”

Shoga yangu alikuwa fundi cherehani mwenye wateja wake, mpaka baba yake alipopooza. Fomu ya posho ilitaka jina la mkuu wa familia, naye kwa heshima akamwandika kaka yake, kwa mkono wake mwenyewe. Kaka mtu alikuja na gazeti, akamsomea mzee habari akiwa mlangoni, kaziba pua. Aliahidi kushika zamu Jumapili moja tu, dada apumzike. Mzee alizikwa Jumapili hiyo haijafika.

Siku ile pale ofisini kaka alikuwa nasi, anatazama viatu vyake.

“Baba yenu ulimhudumia wewe?” karani akamuuliza.

Akasema, “Hata shuka sikufua. Andika hivyo.”

Karani akaandika. Halafu akatuambia miaka iliyokwisha kupita haihamishwi.

Kwa hiyo shoga yangu, na miaka yake sitini, amerudi kwenye cherehani. Tuliposhuka ngazi kaka alianza kuomba radhi, dada akamkatiza. “Ile Jumapili umeshailipa leo, kaka. Nenda kapumzike.”