Kambale wa Kijiji na Waya wa Kahawa

Harufu ya gunia bichi la katani, lililolowa maji ya mto kisha likashinda juani, bado hunisimamisha ghafla nilipo, hata nikiwa katikati ya soko la Tunduma. Ndiyo harufu waliyokuja nayo kambale sita kijijini kwetu, karibu na kijiji cha Ruanda, nilipokuwa darasa la tatu. Walitoka bonde la Msangano, safari ya siku nzima ya kupanda milima, wamefungwa kwenye gunia lililojaa majani mabichi. Baiskeli iliyobeba gunia ilisukumwa na mfugaji mmoja aliyehamia huko bondeni na ng'ombe wake, na mwanawe Masanja alikuwa akisukuma kwa nyuma. Mtoto aliletwa kuanza shule, na samaki walikuwa shukrani kwa Mwalimu Mkuu wetu, aliyekubali kumweka nyumbani kwake kwa kuwa kule kwao shule ilikuwa mbali mno. Sisi watu wa milimani, wa kahawa na mahindi, tuliwajua dagaa wakavu tu. Gunia lilipofunguliwa, wale viumbe warefu, weusi, wenye kuteleza, wakaanza kujipinda juu ya nyasi, na mama yangu akaruka nyuma huku ameshika khanga yake. "Nyoka hao!" akasema. Masanja, ambaye hakuna aliyekuwa amemsalimia bado, akamjibu, "Nyoka gani ana ndevu, mama?" Watu wakacheka, nami kuanzia pale nikampenda.

Mwalimu Mkuu hakutaka kuwala. Alisema watoto wa kijiji kile walikuwa wakichora samaki ubaoni bila kumwona hata mmoja aliye hai, na kwamba tungewafuga mahali ambapo kila mtu angewaona. Kijiji kizima kikajenga tangi. Wanaume walitoa matofali, saruji ilikuwa ile iliyobaki kwenye ujenzi wa zahanati, na upande wa mbele wa tangi ukawekwa kioo cha lori lililopinduka kwenye barabara kuu ya kwenda Zambia. Kioo kilikuwa na ufa mmoja mwembamba kwenye kona, na tuliupaka lami. Tangi lilikaa nje, kwenye ukuta wa darasa letu, chini ya mfereji wa bati, ili mvua ilijaze yenyewe. Jumapili baada ya ibada watu walikuja na nguo zao nzuri, wakachutama mbele ya kioo kile. Bibi mmoja alikuwa akiwaamkia wale samaki kabisa, kisha anatuuliza kama wameamka salama.

Mimi na Masanja ndio tuliopewa kazi ya kuwatunza, kwa zamu. Yeye alipewa kwa sababu aliwajua, mimi kwa sababu baba yangu alikuwa mzee wa kanisa. Tuliwalisha minyoo, makombo ya ugali na matumbo ya kuku, na walipoanza kuruka kumbikumbi tukawapa hao mpaka wakavimba. Lakini mimi sikutulia hata siku moja. Nilikuwa nikiomba ruhusa ya kwenda chooni mara tatu kwa somo moja ili nipite kuwahesabu. Maji yakiwa machafu niliona watano, nikahesabu upya, kisha wa sita akajitokeza taratibu kutoka kwenye tope kama mtu anayenifanyia mzaha. Kila baada ya muda mmoja wao alipanda juu, akatoa mdomo nje, akameza hewa kwa mlio mdogo kama wa mtu anayekunywa uji wa moto, kisha akashuka. Nilimwuliza Masanja kwa nini wanafanya hivyo.

"Anapumua," akasema.

"Samaki anapumua ndani ya maji, we! Tumefundishwa."

"Huyu anapumua kama wewe. Akikosa juu anakufa."

Nilimcheka. Alikuwa mkubwa kuliko mimi kwa miaka miwili, na bado alikuwa darasa la kwanza, ndiyo kwanza anaanza kuunganisha herufi. Alisoma "ba" na "ta" kwa sauti kubwa njiani kama mtu anayeita ng'ombe. Nikaona mtu wa namna hiyo hawezi kunifundisha kitu.

Mvua za kwanza zilipofika, kambale mmoja alitoka. Asubuhi mwanamke aliyekuwa akienda kuchota maji alimkuta njiani, katikati ya majani yenye umande, akijisukuma kwa mapezi kuelekea bondeni. Alipiga kelele mpaka watu wakaja na mashoka. Masanja alimbeba mikononi, akamrudisha, na kijiji kilicheka siku mbili. Mwalimu Mkuu naye alicheka, lakini kisha alimwambia Masanja mbele yetu sote, "Wewe na hawa mlikuja pamoja. Wakipotea, mtaondoka pamoja." Ilikuwa nusu utani. Masanja hakucheka. Mimi aliniambia nitachapwa mbele ya shule nzima, na huo haukuwa utani.

Jumamosi moja zamu ilikuwa yangu, na mawingu yalikuwa yamejaa toka mchana. Sikuweza kukaa. Nilikwenda kwenye tangi, nikarudi nyumbani, nikaenda tena. Mwishowe nikachukua kipande cha waya kwenye meza ya baba ya kuanikia kahawa, ule wenye matundu madogo usioruhusu hata punje kupita, nikaufunika juu ya tangi na kuukandamiza kwa mawe pande zote. Ulilegea katikati ukagusa maji. Nikaona vizuri tu, hawatatoka. Jioni hiyo, kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi, nilikula nikashiba, na mvua ilipoanza kupiga bati nililala.

Asubuhi mapema, kabla ya ibada, nilikwenda kuwahesabu. Mfereji ulikuwa umejaza tangi mpaka ukingoni, na waya wangu ulikuwa chini ya maji, kina cha vidole vinne hivi. Chini ya waya walikuwa wote sita, wamegeuza matumbo. Pua zao zilikuwa zimechubuka kwa kuusukuma waya, mpaka nyama nyeupe ikaonekana. Wangewezaje kuzama, samaki? Hilo ndilo nililojiuliza, huku nikijua jibu, maana nilikuwa nimeambiwa. Niliondoa mawe, nikauvuta waya, nikaurudisha kwenye meza ya kahawa na kuugonga misumari yake. Kisha nikanawa, nikavaa shati langu jeupe, nikaenda kanisani na kuimba.

Jumapili ilikuwa zamu ya Masanja. Watu walipotoka ibadani walimkuta amechutama mbele ya kioo, ameshika kambale mmoja mapajani. Maneno yakaanza. "Amewalisha nini?" "Watu wa bondeni hao! Amewachoka samaki, anataka kuwala." Mwalimu Mkuu aliuliza nani alikuwa wa mwisho kuwagusa. Masanja alimgeuza yule samaki, akamwangalia pua kwa muda mrefu, kisha akaniangalia mimi. Nilikuwa nimesimama karibu na baba. Nilikuwa na nafasi ya kusema sentensi moja tu, na bado naikumbuka jinsi ilivyopangika mdomoni. Sikuisema. Masanja akasema, "Zamu ni yangu, mwalimu." Wiki ile ile baba yake alikuja kumchukua, bila baiskeli safari hii. Kitabu chake cha kusomea kilibaki kwa Mwalimu Mkuu, kwa kuwa kilikuwa mali ya shule.

Mimi niliendelea, nikafika kidato cha nne, nikafanya kazi za ofisini maisha yangu yote. Siku hizi nyumba ya wageni moja hapa Tunduma ina tangi la samaki mapokezi, na pampu inayotoa povu mchana kutwa, na madereva wa Zambia huwapiga picha wakisubiri kuvushwa mpakani. Siwezi kukaa pale. Mwaka jana nilipanda bodaboda mpaka Msangano, nikaulizia, nikampata Masanja. Ana ng'ombe wengi, wajukuu wengi, na mguu mmoja unaomsumbua. Nilimwambia yote nikiwa bado nimesimama. Akanisikiliza, akatema mate pembeni.

"Nilijua siku ile ile, Zeki. Pua zile zilichubuliwa na waya, na waya wa namna ile ulikuwa kwenu tu."

"Kwa nini hukusema?"

"Wangemwamini nani, mimi au mtoto wa mzee wa kanisa? Keti bwana. Hata hivyo ugali wa mwalimu ulikuwa mdogo."

Tulicheka wote wawili, na nilianza kufikiri kwamba mzigo ule nilikuwa nimeubeba bure miaka yote hii. Simu yake ikalia mara moja. Aliitoa mfukoni, akaitazama, akanyoosha mkono kunipa. "Nisomee," akasema. "Ni mjukuu wangu, yuko shule ya bweni. Watoto wanaonisomea wakiondoka hapa nyumbani, mimi hukaa tu siku nzima bila kujua anataka nini." Niliusoma ujumbe ule. Mtoto alikuwa amefaulu, anawasalimia wote. Akaniomba nirudie, polepole, nami nikarudia, neno kwa neno, akifuata kidole changu kwenye kioo cha simu.