Nilitangaza Kifo cha Ochieng, Lakini Redio Siitupi

Nimekosa. Naanza hapo ili msiseme nazunguka. Nilimtangaza mtu amekufa na hajafa. Mke wake akapiga nduru, watu wa mtaa wetu wa Nyalenda wakaacha kazi zao wakaja mbio, na mama mzazi wa huyo mtu akavunjika nyonga kwa sababu ya mdomo wangu. Hilo ni langu, simsukumii mtu.

Lakini mkitaka nipige magoti niombe msamaha kwa kila kitu, mtangoja sana! Kuna mambo sijutii hata kidogo, na nitawaambia wazi, vile ninavyomwambia mteja kwamba suruali yake haiwezi kupanuliwa tena.

Mimi ni fundi cherehani, mama wa kutoka upande wa Vihiga, na nimekaa Kisumu miaka mingi kuliko niliyokaa kwetu. Jina acheni tu. Wanaonijua wamekwisha kunisema mpaka wakachoka.

Redio yenyewe niliinunua sokoni Kibuye, kwenye lundo la vitu vya umeme vilivyotumika ng'ambo. Nilidhani ni redio ya kawaida, ya kusikilizia mahubiri na muziki wa benga nikishona. Kuiwasha nyumbani, haikutoa hata wimbo mmoja! Inakoroma tu. Jirani mmoja, mwanamume anayejua kila kitu isipokuwa kutengeneza mlango wake, akaja akaigeuzageuza.

"Mama, umeuziwa skana," akasema. "Hii ni ya kunasa watu wakiongea kwa zile redio za mkononi, kama za walinzi. Tena ni dijitali, lazima uipange na kompyuta ndio isikie. Rudisha tu. Hii kitu si ya wamama."

Si ya wamama! Yaani mimi, ninayekata koti la harusi bila kipimo cha karatasi, nishindwe na kisanduku chenye vibonye? Hapo ndipo aliponifunga kwa hiyo redio.

Nilienda saiba, kwenye kompyuta za kulipia, na waya wake. Nikatazama video za mzungu mmoja anayeongea kama anafukuzwa, nikawa namsimamisha kila sentensi. Nikajifunza kwamba kila kikundi cha watu wenye redio kina masafa yake, na kwenye dijitali kina pia namba yake ya siri kidogo, na ukikosea namba moja unasikia mkoromo tu, kama posho mill ya kusagia unga iliyoziba. Niliandika masafa kwa chaki ya kushonea ukutani juu ya cherehani. Nikafuta, nikaandika, nikafuta. Watu wakapita mlangoni wakicheka.

Siku ya kwanza niliposikia sauti ya binadamu ikitoka mle, mwanamume akiomba aletewe petroli ufuoni Dunga, nilipiga vigelegele peke yangu! Sikuwa nasikiliza polisi, mtulie. Nilinasa waokoaji wa ziwani, walinzi wa maduka, na gari moja la wagonjwa la watu binafsi. Wote walikuwa wanaongea wazi.

Mtu mmoja tu hakunicheka. Ni Mama Akinyi, jirani yangu wa mlango wa pili, mke wa Ochieng mvuvi. Alikuwa anakuja na uji, anaketi kwenye kibao, ananiuliza, "Leo umenasa nini?" Alipenda kusikia waokoaji, kwa sababu mume wake yuko majini kila siku na boti yake inaitwa Asante Mama, jina la kumshukuru mama yake aliyeko kijijini Asembo.

Sasa nieleze kosa langu la ufundi, maana hapo ndipo shetani alipojificha. Skana inazunguka chaneli zote. Ikisikia mtu, inasimama. Mtu akinyamaza, inatakiwa ingoje kidogo, huenda mwenzake akajibu. Huo muda wa kungoja ni wewe unaupanga. Mimi, kwa uroho wa kusikia kila kitu, niliupanga sifuri! Mtu akimaliza tu, redio inaruka kwa wengine. Tena chaneli zote nilizitupa kwenye fungu moja bila kuzipa majina, zikabaki namba tupu kwenye kioo. Yule mzungu alionya. Nilimruka, nikaona anapoteza muda wangu.

Kosa la pili si la ufundi. Ni la moyo.

Mume wangu mimi alikufa kwa ajali ya lori. Habari ilifika sokoni asubuhi, nami nikaambiwa jioni. Siku nzima nilikaa pale nashona, na watu wote wanajua! Wanawake walikuwa wanakuja, wananisalimia kwa upole, wanaondoka. Mteja mmoja mbishi sana alinilipa bila kubishania bei, nami nikamshukuru Mungu kwa siku nzuri. Fikirieni! Baadaye nikauliza kwa nini, nikaambiwa ni desturi, mke haambiwi ghafla. Ataambiwa kwanza amelazwa, halafu hali si nzuri, halafu ndugu wafike, wakubwa wakae, ndipo asikie. Niliapa kwamba hakuna mwanamke jirani yangu atakayechekacheka hivyo wakati mume wake amelala mochari.

Kiapo hicho sikijutii. Andikeni.

Asubuhi ya kosa lenyewe upepo ulikuwa mkali tangu alfajiri. Nilikuwa nimeinamia sketi, redio iko kando. Sauti ikaita: "Asante Mama imepinduka hapa mbele ya Dunga. Ochieng mnamuona? Mmempata?"

Mguu wangu ukaacha pedali. Mara ile ile, sauti nyingine ikasema: "Tumempata, lakini ameshafariki. Tunapeleka mwili mochari."

Swali na jibu. Mtu wa kwanza, mtu wa pili. Nani angefikiria vingine? Ningeinua kichwa nitazame kioo, ningeona namba imebadilika. Sikuinua. Nilitoka mbio.

Mama Akinyi alikuwa bombani anafua sare za shule.

"Mama Akinyi, keti."

"Niketi aje na nguo zote hizi? Kwani nini?"

"Boti imepinduka. Ochieng amefariki. Wanampeleka mochari."

"Nani amekuambia?"

"Redio."

Angebisha! Nilitamani baadaye angebisha, angenitukana, angesema redio yako ni takataka kama wengine walivyosema. Hakubisha. Aliniamini kwa sababu alikuwa ameniona nikijifunza. Akaweka mikono kichwani, mapovu yakimtiririka masikioni, akaita, "Uwi! Yawa, Ochieng!" Hiyo nduru naisikia mpaka leo.

Watu walijaa. Mtu akapiga simu ya Ochieng, haipatikani, basi ikawa ushahidi. Mwingine akapiga Asembo. Shemeji yake, mdogo wa Ochieng, alifika haraka kuliko gari la zimamoto, akapita katikati ya wanawake wanaolia, akatoka na televisheni kifuani. Nikamuuliza unaenda wapi nayo. "Naweka mahali salama," akasema. Marehemu hajaonekana, televisheni imeshapata usalama!

Nilirudi ndani kusikiliza ni mochari gani, ili tujue pa kwenda. Nikangoja, macho kwenye kioo. Ile sauti ya pili ikaja tena: "Mwili umepokewa. Yule wa bodaboda wa ajali ya Awasi, watu wake wamepatikana?"

Awasi! Awasi kuna ziwa gani?

Nikatazama namba. Haikuwa ya waokoaji. Ilikuwa ya gari la wagonjwa. Nikabonyeza redio ishike chaneli ya ziwani peke yake, isiruke tena. Nikawasikia wanaume wanacheka: "Ochieng yuko kwa boti yetu. Simu imeenda, kiatu kimoja kimeenda, anatukana mawimbi tu."

Nilikaa chini sakafuni. Niliwaza mambo mawili kwa pamoja. Kwamba yuko hai, Mungu asifiwe. Na kwamba mahali fulani karibu na Awasi kuna mwanamke ambaye mume wake amekufa kweli, bado anachambua mboga, na kilio chake nimempa mtu mwingine.

Kutoka mle ndani kwenda kusema ilikuwa kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya. Nilisimama mbele ya umati nikapaza sauti: "Nimekosea! Ochieng yuko hai!" Wakadhani uchungu umenipanda kichwani. Mama mmoja wa kanisa akanishika ananiombea. Nilirudia mpaka Mama Akinyi akaelewa. Alichukua sketi ya shule iliyolowa akanirushia, ikanipiga usoni.

Ochieng alifika na pikipiki, kiatu kimoja, anaona watu nyumbani kwake. "Nani amekufa?" akauliza. Watu wengine walikimbia! Wazee wa kwao wakamzuia pale pale langoni, kwamba kwa mila hawezi kuingia nyumba iliyokwisha kumlilia mpaka kondoo achinjwe. Mwanzoni alikuwa anacheka. Halafu simu ikaja kutoka Asembo kwamba mama yake aliposikia habari alisimama ghafla, akaanguka kizingitini, hawezi kuinuka. Akaacha kucheka, akanitazama. Afadhali angenipiga.

Kikao kiliitwa. Mzee wa nyumba kumi akasimama: "Mama, hiyo mashine ni ya kuleta mikosi. Tunasema uitupe ziwani, halafu haya maneno yaishe."

"Mzee, nisikie," nikasema. "Mashine ilisema ukweli. Boti ilipinduka, ni kweli. Mtu alifariki Awasi, ni kweli. Aliyeunganisha ni mimi. Mkitaka kutupa kitu ziwani, nitupeni mimi."

"Wewe mama una kiburi!"

"Ninacho. Na shemeji arudishe televisheni kabla kikao hakijaisha, maana hiyo haikuibwa na redio."

Watu walicheka, mzee akakasirika, televisheni ikarudi. Mama Akinyi alikuwa ameketi mbele yangu. Hakucheka.

Nilienda Asembo na mkate na sukari. Mama yake Ochieng alikuwa kitandani, mguu umenyooshwa. Alinitazama akaniuliza jambo moja tu, "Ulimwona?"

"Hapana, Mama. Nilisikia."

"Sasa ulilia nini?"

Nilirudi na mkate wangu, hakuukubali. Sasa anatembea kwa fimbo, mwanamke aliyekuwa analima shamba lake mwenyewe. Hapo sina kiburi. Hapo nikifika nanyamaza.

Nikarudi kuipanga redio upya. Kila chaneli nikaipa jina lake. Waokoaji wakapata fungu lao peke yao. Muda wa kungoja nikauongeza mpaka ukanichosha. Majirani wakaisikia redio tena, wakasema huyu mama hana haya. Sawa! Ningeiacha nusu nusu, kosa lingebaki mle mle.

Kilichoniuma ni kile kibao cha kukalia, kitupu. Hakuna aliyekuja na uji. Bombani Mama Akinyi alikuwa akiniona anainua ndoo yake hata kama haijajaa, anaondoka. Nilimwita mara nyingi. Hakugeuka.

Mpaka juzi. Upepo ulivuma vibaya, mabati yanapiga kelele, nami nashona. Nikaona kivuli mlangoni. Ni yeye, amejifunga leso kifuani.

"Iko?" akauliza.

"Iko."

"Weka ya ziwa."

Nikaweka. Hakuketi. Mara sauti ikaita: "Asante Mama, Asante Mama, Ochieng mko wapi?"

Kimya. Mama Akinyi akanishika mkono. Ndugu zangu, ulimi uliniwasha! Nilitaka kusema atakuwa salama, nilitaka kusema labda wamekaribia, nilitaka kusema lolote. Nikaumeza. Redio ikakaa pale pale, haikuruka. Wakaita tena. Kimya tena. Kucha zake ziliniingia kwenye ngozi.

Halafu: "Asante Mama tuko ufuoni. Tunatoa nyavu. Ochieng anasema mmwache, anakula."

Aliuachilia mkono wangu. Alipumua mpaka mabega yakashuka.

"Siku ile ungengoja hivi," akasema.

"Ningengoja," nikasema.

Akaenda zake bila kuaga. Bombani bado hanisalimii, na sitamlazimisha.

Basi nawaonya, hasa ninyi wenye simu mkononi mnaorusha picha ya ajali kabla vumbi halijatulia. Usimpelekee mwanamke kifo ulichokisikia nusu. Ngoja mtu wa upande wa pili ajibu, uhakikishe ni yeye anayejibu, hata kama ulimi unakuwasha mpaka machozi yatoke. Na ninyi wakubwa mnaoficha, habari ikiwa kweli, mwambieni mke siku hiyo hiyo, msimwache auze nyanya akitabasamu. Hilo sitaliacha kusema.

Na anayepanga kuja tena kunishauri nitupe redio, asijisumbue. Ochieng ameondoka asubuhi hii, upepo umeanza, na huko mlango wa pili kuna mtu anayejua pa kuuliza.