Kilima Kilichobebwa kwa Vikapu

Ninyi vijana mlioko Louisville na Buffalo, mtakaosoma haya kwenye simu mkicheka, chekeni mmalize kabisa. Sikuota wala sikuwa na homa. Ilikuwa hapa Columbus, Marekani, mchana, jua likiwaka.

Mwanangu Eliya alinunua nyumba yenye uwanja mkubwa nyuma, na katikati ya uwanja kuna kilima chenye kimo cha mtu. Nikasema ni kichuguu. Kule Kigoma, kwenye kambi ya wakimbizi, tulifyatua matofali kwa udongo wa kichuguu, na maharage ukiyapanda hapo hayaombi mbolea. Eliya akacheka.

"Mama, hii ni Ohio. Mchwa wa hivyo watatoka wapi, waje kwa ndege? Hicho ni kilima tu cha Mungu. Kesho trekta linakuja kukisawazisha, upate shamba."

Nikachukua jembe nikaenda kujionea. Nilipochimba ubavuni, udongo ulikuwa mabaka mabaka: hapa mweusi, pale wa njano, pale wa kijivu, kila baka kama mzigo wa kikapu kimoja. Udongo wa Mungu hulala kwa tabaka ndefu. Huu ulimwagwa.

Kuinua kichwa, mama mmoja amesimama karibu nami, kikapu cha udongo kichwani, maji yakimchuruzika shingoni. Na mvua ilikuwa haijanyesha siku nyingi. Akaniamkia kwa Kirundi, Kirundi kile cha mama yangu. Niaminini. Huku angefundishwa na nani?

"Unachimba nini, mwenzangu?"

"Shamba."

"Hiki tulikibeba sisi, kabla hapa hapajawa na nyumba. Mwanangu yuko chini." Akamwaga udongo wake kwenye shimo langu, akaushindilia kwa kiganja, polepole, kama anayemfunika mtoto aliyelala. "Wa kwako umemwacha na nani?"

Wa kwangu, Neema, nilimzika kambini. Nilimrundikia udongo kwa mikono hii, na jioni wanawake wenzangu walikuja kukaa nami pale, tukiimba hadi giza. Kisha tukapanda ndege. Kambi ile ilifungwa. Sijui nani analima pale sasa.

Nilipopangusa macho hayupo, wala unyayo hakuacha. Ila shimo limejaa, na udongo umelowa.

Tangu siku ile shingo inaniuma kama ya mtu aliyetua mzigo sasa hivi. Daktari haoni kitu. Nanyi mkikuta kilima, angalieni kwanza udongo wake. Huenda mama wa mtu alikibeba.

Trekta nililirudisha. Nikawakusanya wa nyumbani, nikawaambia: "Pale hapachimbwi, hapalimwi, mbwa hafungwi. Majani nitayakata mwenyewe kwa mkono. Nikifa, Eliya, utayakata wewe."