Tani Saba za Mlangoni

Mwaka 1971, nikiwa na miaka kumi, baba alifariki na mimi nikatolewa shule. Darasa la tatu nililiacha katikati, kwenye hesabu za kugawanya. Nasema mapema ili mtu asitegemee nimweleze kodi kwa mahesabu. Nitaeleza nilivyoiona.

Nilianza kwa kubeba kuni kichwani kutoka Matogoro, naziuza Majengo. Baadaye mkokoteni, baadaye baiskeli. Sikurithi kitu zaidi ya jembe. Nilipofika kwenye kenta, lile lori dogo la kubebea mahindi, nilikuwa na mvi tayari. Lilikuwa kuukuu, lakini langu, na naliendesha mwenyewe mpaka leo.

Msimu wake wa kwanza nilienda kupakia mahindi kijiji kimoja mbele ya Peramiho. Mahindi mengi, magari hakuna, na kila mtu ananisihi, "Mzee, na gunia langu hili." Nikapakia mpaka gari likalala nyuma. Kwenye mizani ya mnunuzi mzigo ulifika tani saba. Springi mbili zilikatika njiani, lakini tulifika. Kesho yake nikamwita mchoraji, akaandika mlangoni kwa rangi nyekundu: TANI 7. Ule haukuwa uongo. Ilikuwa imetokea.

Kijiweni kwetu Majengo, mwenye mzigo akija anaangalia milango kwanza. Wenzangu wameandika majina ya watoto, wengine dua. Mimi niliandika kazi.

Sasa kodi. Kodi za gari zimenichanganya siku nyingi. Zamani tulilipa rodi laiseni kila mwaka, unabandika karatasi kwenye kioo, basi. Ikafutwa. Nyumbani tulichinja kuku. Halafu nikaambiwa haijafa, imehamia kwenye mafuta. Hapo kichwa kikagoma, maana nina mashine ya kusaga ya dizeli, imefungwa kwa nati kwenye zege, haijawahi kwenda hata dukani. Yenyewe inalipia barabara ipi? Nilimuuliza muuzaji wa kituo cha mafuta. Akasema, "Mzee, mimi najaza tu."

Kabla sijaelewa hiyo ikabadilishwa nyingine, ya mapato ya gari la biashara, sasa wanaangalia gari linabeba kiasi gani. Afisa wa kodi, binti wa umri wa mwanangu wa mwisho, akafika kijiweni na kishikwambi chake.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

"Gari lako linabeba tani ngapi?"

Nikaupiga mlango kofi. "Soma mwenyewe."

"Saba?"

"Saba. Waulize hawa."

Wenzangu wakainama wakicheka. Nilidhani ni wivu.

Makadirio ya kodi yalipokuja, nikayasoma mara tatu. Nikaenda kwa jirani yangu, mfanyabiashara wa korosho kutoka Tunduru, mwenye kenta kama langu. Magari tuliyanunua kwa mtu mmoja, wiki moja. Kodi yake ilikuwa ndogo kuliko yangu kwa mbali.

"Imekuwaje?" nikamuuliza.

"Mimi nilionyesha kadi ya gari. Inasema tani tatu na nusu, na yako hivyo hivyo. Wewe Mngoni umejitoza mwenyewe!" Akacheka mpaka kofia ikamdondoka. "Alhamdulillahi, mlango wangu mimi haujui kusema."

Sikuelewa. Mtu anakadiriwa kila mwaka kwa jambo alilolifanya siku moja?

Nyumbani mke wangu hakuzunguka. "Baba, hatuwezi kulipa hii na kununua dizeli. Futa mlango au uza gari."

"Sifuti."

"Basi uza."

Nikaliegesha. Wiki tatu kenta lilikaa uani, kuku wakataga chini yake, na mimi nikarudia baiskeli. Niliona kama nimerudishwa nyuma miaka thelathini. Mwishowe akaja mtu wa kulitazama. Akalizunguka, akapiga teke tairi, akasoma mlango, akasema, "Tani saba! Mzee, gari lililobebeshwa hivi mimi nalinunua kama chuma chakavu." Nilimwonyesha njia ya kutokea. Nikaingia ndani, nikachukua kadi, nikawasha gari, nikaenda ofisi ya kodi.

Foleni ilikuwa ndefu, na kila mtu na lake. Mwenye bajaji alisema mwaka uliopita alilipa kidogo kuliko hivi. Dereva wa teksi alisema hata ada ya maegesho imemfuata mpaka kwenye simu. Nikauliza kwa sauti, "Kuna anayeelewa hapa?" Wakatikisa vichwa. Kidogo nikapata nguvu. Nilidhani ni mimi peke yangu kwa sababu ya darasa la tatu.

Binti alikuwa yule yule. Akasoma kadi.

"Baba, hii inasema tatu na nusu. Kwa nini uliniambia saba?"

"Kwa sababu lilibeba saba."

"Lini?"

"Siku moja."

Nyuma yangu foleni nzima ikacheka. Binti hakucheka, na hilo simsahau. Akasema niandike barua kwamba taarifa ya kwanza haikuwa sahihi, na mlango urekebishwe.

"Siandiki kwamba nilidanganya."

"Basi andika kilichotokea, baba. Hicho tu."

Nikakaa kwenye benchi, nikaandika kwa mkono wangu, saa nzima na zaidi. Niliandika kijiji, magunia, springi mbili. Mwisho nikaandika: siku nyingine zote linabeba kama magari ya wenzake. Sentensi hiyo ilinichukua muda mrefu kuliko barua yote.

Kodi ilishuka. Haikushuka kufika ya mwaka wa nyuma, na sababu sijaipata. Nilimuuliza binti habari ya mashine yangu ya kusaga na barabara. Akanieleza mara mbili, kwa heshima. Nikaitikia kwa heshima. Nikatoka bila kuelewa.

Mchoraji alipaka rangi ya kijivu juu ya ile nyekundu. Nilipofika kijiweni wakanipokea: "Mzee, gari limekonda! Limeugua nini?" Nikawaambia pakieni mzigo. Ukisimama upande wa jua, saba bado inaonekana kwa chini. Sijamwita tena mchoraji.

Leo nina nyumba ya vyumba vinne, ya bati, Matogoro. Shamba la mahindi, ekari sita. Mashine moja ya kusaga, isiyotembea, inayolipia barabara. Baiskeli ile ile. Kuku, sijawahesabu. Kenta moja, tani tatu na nusu.