Zamu ya Maji Ukutani

Kila asubuhi, kabla sijamaliza kumwamkia, baba aliuliza kama maji yamefika. Nikijibu yamefika, aliuliza yamefika wapi. Nikisema yako kwenye migomba ya chini, alinitazama kama mtu anayemsikiliza shahidi asiyemwamini.

Alikuwa amevunjika nyonga wakati wa masika. Hospitali ya mjini ilipomruhusu kurudi nyumbani Mwika, njia ya kushuka kihambani ilikuwa imeshamshinda. Kihamba chetu, yaani shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba, kina mteremko unaomtelezesha hata kijana. Baba akabaki sebuleni kwenye kochi, akitazama dirisha linaloelekea banda la ng'ombe. Mimi niliacha kazi yangu ya kurekodi video za harusi Moshi mjini, nikaja kumtunza. Sikuweza kwenda mbali, maana nikitoka tu alijaribu kusimama. Nilijifunza kuosha vyombo huku nimegeuza shingo.

Kwetu maji hushuka kutoka mlimani kwa mfereji tunaouita mfongo, na kila nyumba ina zamu yake. Zamu ikifika, mtu huenda kwenye mchepuko wa shamba lake, huondoa udongo na magome ya mgomba yaliyouziba, kisha hukaa hapo hapo mpaka zamu iishe. Baba alikaa pale tangu ujana wake. Sasa jirani ndiye aliyetufungulia, na baba alitaka kuyaona maji yakiingia. Hakuomba kitu kingine.

Siku moja, baba akiwa usingizini, nikashuka na kamera. Nilirekodi mfereji mkavu, kisha nikarekodi maji yakija, yakisukuma majani makavu mbele yake. Nikaazima projekta, nikaimulika picha kwenye ukuta mbele ya kochi. Baba alitazama kwa heshima, kama anavyotazama picha za harusi za watu.

"Hiyo ni televisheni," alisema. "Inaendelea hata nisipokuwepo."

Alisema kweli. Nikaamua kutengeneza ukuta utakaojua kwamba yupo.

Sikuwahi kushika waya zaidi ya ule wa kuchajia simu. Kama nawe hujawahi, usiogope. Kazi yenyewe ni ndogo kuliko inavyotisha. Unahitaji kompyuta, bodi ndogo ya umeme inayotosha kwenye kiganja, na kihisi, kidude chenye kifuniko cheupe kama nusu ya mpira wa tenisi ya mezani. Kihisi hakioni sura ya mtu. Kinahisi joto linapohama, na mwili wetu ni joto. Kikihisi, hupeleka habari kwenye bodi, bodi huiambia kompyuta, kompyuta hubadilisha picha. Nikaandika maelekezo: joto likihama, maji yaje; likitulia, mfereji ukauke. Nilikosea waya mara nyingi, na mara moja bodi ilitoa harufu ya kuungua, lakini mwishowe nilipita mbele ya ukuta na maji yakaja. Nilipiga kelele hadi ng'ombe akaitikia.

Ili picha ionekane vizuri, ilibidi nifunge mapazia. Ndivyo shangazi, dada yake baba, alivyotukuta.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Kuna msiba?" Alipapasa ukuta akitafuta swichi. "Umemfungia baba yako gizani ili umwonyeshe nje?"

"Tulia hapo hapo uone. Baba, nyoosha mkono."

Baba akanyoosha mkono. Maji yakaja. Shangazi akashika kifua, na baba, kwa mara ya kwanza tangu masika, akainama mbele kutoka kwenye mto. Aliweka mikono juu ya fimbo yake, akatulia kutazama, nasi tukatulia. Muda si mrefu, mfereji ukakauka.

"Nani amefunga?" akauliza.

"Hakuna aliyefunga, baba. Tikisa mkono tena."

Akatikisa, maji yakarudi. Akatulia, yakaondoka. Shangazi alicheka hadi akafuta machozi kwa ncha ya kitenge. "Kaka, cheza basi! Kwaya ulikuwa unacheza."

Baba hakucheka. Alipunga fimbo, akapunga tena, mpaka pumzi ikaanza kumwishia. "Nimekuwa ng'ombe wa kufukuza nzi," alisema, akafumba macho. "Zima."

Nilizima. Shangazi akafungua mapazia, na lile banda likarudi dirishani. Nilijiona nimemjengea baba chumba kingine ndani ya kile kilichokuwa kimemfunga, nacho ni kidogo zaidi.

Shangazi alipoondoka, baba alisema bila kunitazama, "Kwenye mfongo, anayehangaika ni mwizi wa maji. Mwenye zamu anakaa."

Nilikuwa nimemwona akikaa pale utoto wangu wote, nikimpelekea chai, na bado nilitengeneza kitu cha kumwadhibu kwa kukaa.

Marekebisho yalikuwa mepesi hadi yakaniudhi. Nilibadilisha tu nafasi za maneno kwenye maelekezo: joto likitulia, maji yaje, likihama, mfereji ukauke. Siku iliyofuata nikafunga mapazia tena, nikamwomba asifanye lolote. Alilijua hilo kuliko mimi. Akaweka mikono juu ya fimbo, na baada ya kitambo maji yakaja, yakasukuma majani, yakapita. Hayakukatika. Uso wake ulilegea.

Nilinyanyuka kwenda jikoni, maana nilikuwa nimebandika mtori, supu yetu ya ndizi. Nyuma yangu baba akafoka, "Umekata maji!"

Nikageuka. Mfereji ulikuwa mkavu. Kihisi kilitazama sebule nzima, na hakijui joto lipi ni la nani. Nikakaa kwenye kigoda karibu na miguu yake, maji yakarudi. Nikajaribu kuondoka taratibu, nikiburuta kigoda. Yakakauka.

"Naweza kukigeuza kidude kikutazame wewe peke yako," nilimwambia. "Ni kazi ndogo tu."

"Kigeuze kesho."

"Mtori utaungua, baba."

"Utaungua," alikubali. Macho yake hayakutoka ukutani. "Kaa. Zamu haijaisha."

Nikakaa, mikono juu ya magoti, nikipumua taratibu. Maji yakaja. Harufu ya ndizi zinazoshika sufuria ikaingia kutoka jikoni, ikatukuta sote wawili tumetulia.

"Sasa yamefika," alisema.