Mama Yule Hakuhama

Mwanangu, kesho unaanza kutafsiria wageni Kingereza. Kaa kwanza, nikuelezee siku niliyopata haya mbele ya watu hapa mutaa wa Lumumba.

Nilikuwa kijana, nimerudi kutoka Uganda na Kingereza changu. Majivuno yangu, ee, usiniulize! Wageni walionipa kazi ya kutafsiri walikuwa wanaandika watu waliokimbia vita, ili wapewe chakula na bashi, zile plastiki kubwa za kuezekea. Mama mumoja muzee aliyelala na wajukuu kwenye veranda ya watu kule Ngezi aliulizwa namna alivyofika Bunia. Akaeleza mambo mingi: maharagi aliyoacha motoni, milango aliyoacha wazi, siku tatu porini. Miye niliona anachelewesha wengine. Nikamwambia mugeni neno moja tu, "moved". Akaandika.

Liste ya majina ilipobandikwa, jina la mama halikuwako. Alinifuata palepale, watu wote wakisikia.

"Mutoto, miye niliongea mingi, weye ukasema kidogo. Ile ingine ulipeleka wapi?"

"Mama, nilisema ulihama."

"Nilihama? Mutu anayehama anafunga vyombo, anaaga majirani. Miye niliaga nani?"

Yesu! Nilitamani ardhi ipasuke. Kingereza iko na "move" ya mutu anayebadilisha makao, na iko na "flee" ya mutu anayeokoa roho yake, na liste ilikuwa ya hao tu. Nilizijua zote mbili, mwanangu. Uvivu tu.

Nilijua wakinifukuza, kwetu hatuli. Hata hivyo niliingia kwa mukubwa wao nikasema, "Kosa ni langu. Mumuite tena." Alinifokea vizuri sana, lakini akamuita. Safari hii sikuacha kitu, hata maharagi niliyatafsiri. Mugeni aliweka kalamu chini, akamutazama mama, kisha akaandika upya.

Mama alitoka na bashi kichwani! Wamama wakapiga vigelegele mpaka barabarani, na miye nikapiga pamoja nao bila haya. Sijawahi kufurahia kazi yangu vile.

Basi sikia. Usifupishe maisha ya mutu kwa sababu watu wamejaa mulangoni. Maneno mawili yakikaribiana, muulize mwenyewe tena mpaka ujue lipi ni lake. Na ukikosea, rudi useme, hata kama kazi itakuponyoka.

Nenda, mwanangu. Mungu alinde kinywa chako, na kila utakayemusemea atoke pale na haki yake mukononi.